Mkataba, Deni na Dhamana: Lugha ya Sheria ya Biashara katika Njia ya Misafara ya Magharibi



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya Kiswahili, nami nimechagua kuizungumza kupitia somo ambalo si langu. Mimi ni mtu wa isimu, si mwanasheria. Hata hivyo, kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia msamiati wa sheria ya biashara, na kila nilipodhani kwamba nimeufikia mwisho wa neno fulani, nilijikuta nimerudi katika njia ile ile iliyopita karibu na nyumbani kwetu Usoke, kituo kidogo cha reli magharibi ya Tabora, katika Wilaya ya Urambo. Mniwie radhi basi ikiwa mhadhara huu utaanzia kijijini kabla ya kufika chuoni.

Mwaka 1978 mjomba wangu, aliyekuwa mrina asali, alimkabidhi mfanyabiashara mmoja madebe 11 ya asali. Walipatana bei mbele ya watu wawili, wakapeana mikono, na mnunuzi akaahidi kulipa atakaporudi kutoka mjini. Hakurudi. Mjomba alipotaka kwenda mahakama ya mwanzo, wenzake walimzuia kwa hoja moja iliyomwishia nguvu: hakuandikiana na mtu yule mkataba, basi hana kesi. Alikubali, akarudi porini kwenye mizinga yake.

Miaka 7 baadaye, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili jijini Dar es Salaam, niliomba ruhusa ya kuketi nyuma ya darasa la sheria ya biashara ili nikusanye istilahi kwa ajili ya tasnifu yangu. Katika wiki ya pili au ya tatu mhadhiri alisoma kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba. Kifungu hicho kinasema kwamba mapatano yote ni mikataba iwapo yamefanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kisheria, kwa malipo halali na kwa lengo halali, na hayakutangazwa na sheria kuwa batili. Karatasi haimo miongoni mwa masharti hayo, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine inaidai. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ina masharti yake kuhusu maandishi, lakini mnunuzi aliyekwisha kuipokea mali hawezi kujificha nyuma ya ukosefu wa karatasi. Mashahidi wawili wa mjomba wangu, na madebe yaliyokwisha kupakiwa, vilitosha. Nilipiga hesabu hapo hapo katika daftari. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971, madai yatokanayo na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Tulikuwa katika mwaka wa saba.

Nani alimnyima mjomba haki yake? Mnunuzi alianza, bila shaka. Lakini aliyemaliza kazi ni neno. Mwanasheria aliyesomea Kiingereza anapotamka istilahi yake haoni ndani yake wino wala karatasi. Anaona ahadi inayoweza kudaiwa. Msemaji wa Kiswahili anaposema mkataba anasikia mzizi wa Kiarabu wa konsonanti tatu, k, t na b, uleule uliotupatia kitabu, katibu, maktaba na mkutubi. Hata asiyejua Kiarabu anausikia, kwa kuwa maneno hayo hutembea pamoja masikioni mwake. Kwake mkataba ni kitu kilichoandikwa, na pasipo maandishi pana maneno matupu. Hii ndiyo hoja ninayotaka kuishughulikia jioni ya leo: sheria ya biashara tunayoifundisha katika vyuo vyetu imevaa maneno ambayo yalikwisha kuwa na maisha yao, na maisha hayo, kwa kiasi kikubwa, waliyapata njiani.

Maneno ya njiani

Burton alifika Kazeh, yaani mahali palipo jirani na Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857. Alikuta pale wafanyabiashara wa Kiarabu wenye nyumba za tembe na bustani, na akasikia habari za Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa mwanzo kufungua biashara bara. Mji ule ulikuwa njia panda. Barabara moja ilikwenda magharibi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na ile kuu ilirudi mashariki hadi Bagamoyo. Magharibi kidogo, Urambo, Mirambo alijenga dola yake, na kuanzia mwaka 1871 akapigana na Waarabu wa Tabora. Miongoni mwa sababu za vita vile ni nani mwenye haki ya kutoza hongo kwa misafara inayopita. Mimi husema, na wanahistoria wenzangu hunikemea kwa kurahisisha mambo, kwamba ilikuwa pia vita juu ya kodi ya biashara.

Biashara hiyo yote iliendeshwa kwa mkopo. Tajiri wa Kihindi wa Unguja, kama vile nyumba ya Jairam Sewji au Taria Topan, alimkopesha mwenye msafara nguo, shanga, waya na baruti. Mwenye msafara alikwenda bara mwaka mmoja, miwili au zaidi, akarudi na pembe zilizopimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16. Baina ya kwenda na kurudi hapakuwa na kitu kilichomfunga ila deni. Basi haishangazi kwamba katika Kiswahili msamiati wa deni ni mpana na umepangika vizuri kuliko nyanja nyingi za sheria: deni, mdai na mdaiwa, rehani, amana, dhamana, dhima, fidia, hawala, hisa, rasilimali, faida, hasara, na mwisho wa yote mufilisi, yule ambaye mali yake imefilisiwa. Yote hayo yana asili ya Kiarabu, na karibu yote ni istilahi za fikihi. Kutoka Bara Hindi tukapata hundi, ambayo zamani ilikuwa hati ya kumwagiza mtu wa mji mwingine alipe fedha, na leo ndiyo jina la cheki. Tukapata bima pia.

Lipo neno moja ambalo wanafunzi wangu hulipenda, nalo ni waraka. Fahad Bishara, katika kitabu chake juu ya madeni na sheria katika Bahari ya Hindi ya magharibi, kilichotoka mwaka 2017, ameonyesha jinsi hati ndogo za deni zilizoitwa kwa jina hilo zilivyozunguka baina ya Oman, Unguja na bara. Humo mliandikwa nani anadaiwa nini, atalipa lini, na shamba au nyumba gani imewekwa. Kwa kuwa riba imeharamishwa katika Uislamu, watu walitumia bei ya khiyari: mwenye shamba huliuza kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba akirudisha fedha katika muda uliowekwa hulirejesha, na katika muda huo hulipa kodi ya kukaa katika lililokuwa lake. Mwanasheria wa leo atasema hiyo ni rehani iliyovaa kanzu ya mauzo. Sibishi. Ninachokitaka ni kuonyesha kwamba waswahili wa pwani walijua kutofautisha mauzo ya kukata na mauzo ya khiyari, na walikuwa na jina la kila moja. Waraka wenyewe leo umebaki kuwa barua ya mkuu wa idara kwa walio chini yake. Umepoteza deni lote lililokuwa ndani yake.

Sasa tuwaangalie wapagazi, kwa sababu bila wao pembe hazifiki pwani, na kwa sababu wengi wao walikuwa Wanyamwezi, watu wa nyumbani. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, ameeleza kwa ushahidi mwingi kwamba hawa hawakuwa kundi la watu waliosukumwa tu. Walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi za kazi walizozilinda. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, ukalipwa kwa doti za merikani au kaniki. Walikuwa na haki ya posho. Walikuwa na kirangozi aliyetangulia na wanyapara waliosimamia. Na walijua kugoma mizigo ilipozidi au posho ilipopungua. Kwa maneno ya darasa la sheria ya biashara, palikuwa na pendekezo, ukubali, malipo na masharti, na palikuwa na adhabu ya kuvunja masharti kwa pande zote mbili. Mengi ya hayo yalikaa vinywani. Mnyamwezi aliyeondoka kwao baada ya mavuno hakuwa na waraka mfukoni, na wala hakuwa na mfuko.

Karatasi ilimfikia baadaye, na ilimfikia kwa sura ya kibarua. Neno hili ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kazi za ujira ili kionyeshe siku alizofanya. Kisha jina la cheti likahamia kwa mwenye cheti. Kiarabu chenyewe, katika bara'a, kina maana ya hati ya kumwondolea mtu dhima. Yaani neno lililoanza kwa kumwachilia mdaiwa limeishia kumtaja mtu asiye na ajira ya kudumu. Baadaye kikaja kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na wakaja manamba, watu walioandikishwa kwa namba na kupelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyowachukua, na kituo cha Usoke kilitoa wake.

Hapa naomba kuweka jambo moja wazi, ili nisionekane kuisifu njia ile kupita kiasi. Pembe na watumwa walisafiri pamoja. Katika fikihi, neno la Kiarabu mukataba lina maana mahususi: ni mapatano ambayo kwayo mtumwa hujinunua kwa bwana wake kwa malipo ya mafungu. Sidai kwamba mkataba wetu umetoka huko moja kwa moja, kwani mzizi ule umezaa maneno mengi. Lakini siwezi kulipita neno hilo nikiwa mtu wa Unyamwezi bila kukumbuka kwamba, kabla ya kuwa jina la makubaliano ya watu wawili huru, lilikuwa jina la bei ya uhuru wenyewe. Na tendo la kufunga mapatano kwa jumla, ambalo Waarabu huliita akdi, sisi tumeliacha kwa ndoa peke yake.

Kesi ya pauni 10,000

Nikiulizwa ni shauri gani la biashara ambalo lingefaa kufundishwa katika mwaka wa kwanza kwa Kiswahili, ningechagua la Tippu Tip na Stanley. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na mizizi Tabora: baba yake alikaa Ituru, na akaoa katika nyumba ya Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mwezi Februari 1887 alipatana na Stanley huko Unguja, mbele ya ubalozi wa Uingereza, kwamba atampatia wapagazi 600 kwa ajili ya safari ya kumtafuta Emin Pasha, na kwamba atakuwa liwali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi kutoka serikali ya Kongo ya Mfalme Leopold. Wapagazi hawakupatikana kwa idadi wala kwa wakati. Kikosi cha nyuma cha Stanley kiliangamia kwa njaa na maradhi. Mwishoni mwa mwaka 1889 Stanley alifungua madai katika mahakama ya ubalozi huko Unguja, akitaka pauni 10,000, na zikazuiwa fedha za Tippu Tip zilizokuwa mikononi mwa Jaffer, mwana wa Taria Topan.

Utetezi wa Tippu Tip ulikuwa rahisi, na kisheria ulikuwa mzito. Stanley alikuwa ameahidi baruti, na baruti haikuja; mtu hawezi kuwalinda wapagazi 600 katika nchi ile bila baruti. Mwanafunzi wa Sheria ya Mikataba atatambua mara moja kwamba hapa kuna ahadi za pande mbili zinazotegemeana, na swali ni nani alitakiwa kutimiza kwanza. Tippu Tip alitoka Kongo mwaka 1890, akafika Unyanyembe akaugua, na alikuwa huko katika mwaka uleule Emin Pasha alipopandisha bendera ya Wajerumani Tabora. Alifika Unguja mwaka 1891. Shauri halikufika kwenye hukumu, liliachwa. Baadaye aliingia katika kesi nyingine na Rumaliza, mshirika wake wa zamani, juu ya mali za ushirika.

Mzee huyu alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Wengi huisoma tawasifu hiyo kama safari na vita. Mimi naishauri isomwe kama daftari la mahesabu. Kila baada ya kurasa chache kuna mtu anayemdai mtu, kuna tajiri anayekubali au kukataa kumkopesha, kuna bei. Yeyote anayesema kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kubeba sheria ya biashara angeanzia hapo. Angeendelea na barua na hati ambazo Büttner alizichapisha mwaka 1892 kutoka katika maandishi ya Kiarabu, kisha angesoma alichoandika Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo juu ya madeni katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Velten mwaka 1903. Hizo ni nathari za watu waliokwenda mbele ya kadhi na liwali wakajieleza.

Chuo na lugha yake

Chuo Kikuu cha kwanza cha nchi yetu kilianza mwezi Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na kitivo kimoja tu: sheria. Wanafunzi hawakufika 15. Miaka michache baadaye kilihamia Mlimani, na kwa muda kitivo kile kilisomesha vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda pamoja. Inafaa kukumbuka kwamba nchi ilipopata uhuru, elimu ya juu ya kwanza iliyoiona ya lazima ilikuwa sheria.

Walisoma nini hao wa sheria ya biashara? Walisoma Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 ambayo, ukiilinganisha kifungu kwa kifungu, ni sheria ya India ya mwaka 1872. Waingereza waliileta sheria hiyo ya India Tanganyika mwaka 1920, nasi tukaiandika upya kwa jina letu tukiacha mifupa ile ile. Zanzibar ilikuwa na amri yake ya mikataba ya mwaka 1917 yenye asili hiyo hiyo. Kenya mwaka 1960 iliiacha njia ya India ikafuata sheria ya kawaida ya Uingereza. Uuzaji wa bidhaa, kwetu, ulitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kwa hiyo kijana wa Usoke aliyeingia darasani alisoma mkataba kutoka Calcutta na mauzo kutoka London, katika chumba kimoja, kwa Kiingereza. Hundi nayo ilitoka India, lakini ilikuwa imetangulia miaka mingi na ilikwisha kuwa Mswahili.

Kitu ambacho hakufundishwa kwa kina ni kwamba sheria ya kikoloni ilimgawa babu yake nusu mbili. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923 ilimtambua kama mtu anayeweza kufunga mkataba wa kazi, na ilimwadhibu kijinai akiuvunja. Lakini sheria za kuzuia mikopo kwa wenyeji, za miaka ya 1920 na 1930, zilimzuia mfanyabiashara asiye mwenyeji kudai mahakamani deni la mwenyeji pasipo kibali cha maofisa, na hivyo mwenye duka hakuona sababu ya kumkopesha. Ilisemwa kwamba ni kumlinda. Matokeo yake ni kwamba jamii iliyokuwa imeishi kwa mkopo tangu siku za Kazeh ilifungiwa mlango wa mkopo, huku mlango wa kipande ukiachwa wazi. Nadhani hapa ndipo neno mkataba lilipozidi kugandamana na karatasi ya mwajiri, karatasi ambayo mtu hutia dole gumba bila kuulizwa.

Si kwamba hakuna aliyeliona tatizo la lugha. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria, aliandika mwaka 1965 juu ya matatizo ya kuikuza lugha ya taifa iwe lugha ya sheria. BAKITA liliundwa mwaka 1967, na tangu miaka ya 1970 limetoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu vyenye istilahi za fani nyingi. Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na baadaye akafundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria mjini humo, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayohusu hati ya deni na dhamana yake ya kutisha mwaka 1969, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina hilo limenishughulisha sana. Angeweza kusema mfanyabiashara, tena mmoja, kama ilivyo katika asili. Alichagua bepari, katika wingi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Ni tafsiri, lakini pia ni hukumu juu ya biashara nzima, na katika miaka ile sheria ya biashara nayo ilisomwa kwa jicho la namna hiyo: benki zilikuwa zimetaifishwa, na mnunuzi mkubwa wa mazao alikuwa shirika la umma. Mahakama Kuu haikupata divisheni yake ya biashara hadi mwaka 1999.

Wakati wote huo mahakama za mwanzo zilifanya kazi kwa Kiswahili. Shauri lililoanza Usoke kwa Kiswahili safi lilipopanda ngazi kwa rufaa liligeuka Kiingereza, na mwenye shauri akawa mgeni ndani ya madai yake mwenyewe. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho, Sheria Namba 1 ya mwaka huo, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa katika mazingira maalumu. Kazi ya kutafsiri sheria zilizopo ikawa ya lazima. Jambo hilo tulilililia kwa miongo mingi, na sasa linatudai sisi wa isimu kazi ambayo hatukuikamilisha.

Dhamana

Nitatoa mfano mmoja wa kazi hiyo, kwa kuwa unagusa mifuko ya watu.

Katika nchi ya Urambo zao la fedha ni tumbaku. Mkulima hukopa pembejeo kupitia chama cha msingi, na wanachama hudhaminiana katika vikundi. Muulize mkulima maana ya mdhamini. Atakutajia kwanza aliyemtoa kijana wake polisi. Kisha atakutajia kampuni iliyolipia jezi za timu. Akiwa mtu wa kanisa au msikiti atakutajia bodi ya wadhamini inayotunza kiwanja. Watu wote hao ni wema. Wanasaidia, na hakuna hata mmoja anayeonekana kuuziwa mali. Lakini katika Sheria ya Mikataba, mdhamini wa deni anawajibika kwa kiasi kile kile anachowajibika mdaiwa mwenyewe, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mkulima aliyevuna vizuri, akasubiri malipo ya msimu, akakuta fedha yake imekatwa kulipa pembejeo za jirani aliyehama, hudhani kaibiwa. Nimewasikia wengi wakisema hivyo. Mara nyingine ni kweli wameibiwa. Mara nyingi wamesaini dhamana wakidhani wamesaini ujirani.

Wapo wanaopendekeza tuunde neno jipya kabisa kwa mdhamini wa deni. Siungi mkono. Neno jipya litakaa katika kijitabu, na mkulima atasaini yale yale. Fikihi ya pwani ilikuwa na kitenzi kudhamini chenye makali yake, na katika hati za zamani mdhamini alitajwa pamoja na mali yake. Kinachotakiwa ni sheria iliyotafsiriwa na fomu ya chama ziseme waziwazi: mdhamini ni mtu atakayelipa deni hili asipolipa mwenye deni. Ni sentensi ya maneno tisa, na kila neno linajulikana Usoke.

Tunao mfano wa kututia moyo. Sheria ya mwaka 2005 ilipoanzisha utaratibu wa kuweka mazao ghalani na kupewa hati inayoweza kutumiwa kukopea, waliotunga jina walichukua stakabadhi, neno la zamani la kupokea mali mkononi, wakaliunganisha na ghala. Stakabadhi ghalani imeenea kwa wakulima wa korosho na wa ufuta bila mtu kuuliza maana yake. Inasemwa sokoni, na hulalamikiwa sokoni pia, jambo ambalo kwa mwanaisimu ni dalili ya afya.

Kuhusu mkataba, pendekezo langu kwa wanaotafsiri kifungu cha 10 ni kwamba wasiliache neno hilo peke yake. Waandike mapatano pale ambapo sheria inazungumzia maelewano ya watu, na mara tu baada ya kulitumia mkataba kwa mara ya kwanza waongeze: uwe wa maandishi au wa mdomo. Najua wenzangu wa sheria wataniambia kwamba mtungaji wa asili hakuandika hivyo, na kwamba mfasiri hana mamlaka ya kuongeza. Mtungaji wa asili hakuwa na haja. Lugha yake ilikuwa imekwisha kulisema.

Nilirudi Usoke mwishoni mwa mwaka ule wa 1985, nikamweleza mjomba nilichokisikia darasani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza muda wa kudai ni miaka mingapi. Nikamwambia sita. Akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akafika pale pale.

“Basi, mjomba,” akaniambia, “hayo uyaandike kwa lugha ambayo wanangu wataisoma mapema.”